Kamera Mkononi mwa Mtazamaji

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ukumbi wa shule, Kirua Vunjo, mwezi Desemba)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze nilidhani atanitaka niseme juu ya utumishi wa umma, maana ndiyo kazi yangu, na kila mwaka mtumishi wa umma akisimama hapa hutakiwa aeleze kwa nini barabara ya kupandia kwetu bado ina mashimo. Safari hii nimeponea. Barua ilisema, "Njoo utueleze habari za ile kamera yako." Wengi wenu mmeniona nayo pale Ushirika, na nasikia wengine husema nimekuwa mwandishi wa magazeti wa kujitolea. La hasha. Mimi ni mtazamaji. Nalipa kiingilio kama ninyi, napigwa jua kama ninyi, na timu yangu ikifungwa nazomewa kama ninyi. Tofauti ni kwamba nikienda kuangalia mpira nakwenda na kamera, na nimefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 15. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza namna gani, na mwishoni nina ombi.

Tuanze na mpira wetu wenyewe. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0. Hakuna mtu mzima katika ukumbi huu asiyeijua habari hiyo, hata sisi ambao siku ile tulikuwa bado hatujazaliwa. Na ili ndugu zangu wa Yanga wasitoke nje kabla ya chakula, naongeza kwamba tarehe 1 Juni 1968 wao ndio walioifunga Simba 5 kwa 0. Mwaka 1979 Simba ilifungwa nyumbani mabao 4 kwa 0 na Mufulira Wanderers ya Zambia, ikaenda Lusaka ikashinda 5 kwa 0. Haya ni mambo makubwa. Sasa nawauliza: ni nani hapa amepata kuona picha ya bao hata moja kati ya hayo yote? Mimi nimeuliza watu wengi, Moshi na Dar es Salaam na sasa Dodoma, wala sijaonyeshwa. Sisemi kwamba picha hazipo. Huenda zimo katika makabati ya magazeti. Nasema hazimfikii mtu wa kawaida. Tulichonacho ni midomo ya wazee, na midomo ya wazee ni hazina, lakini ina tabia yake. Mzee mmoja wa kwetu hapa hunisimulia bao moja la mwaka 1977 kila Krismasi. Nilipokuwa kidato cha pili lilipigwa kutoka ukingoni mwa eneo la hatari. Mwaka jana lilikuwa limefika katikati ya uwanja.

Wamarekani nao walikuwa na ubishi wa namna hiyo, tena mrefu. Kuna mchezo wao wa besiboli, ambao mtu mmoja hurusha mpira na mwingine hungoja na rungu aupige. Tarehe 1 Oktoba 1932, katika mji wa Chicago, mbele ya watu karibu 50,000, mchezaji mashuhuri Babe Ruth wa timu ya New York alinyosha mkono kabla ya kupiga, kisha akaupiga mpira ukatoka nje ya uwanja kabisa. Ikavuma kwamba alikuwa ameonyesha kidole mahali ambapo mpira ungeangukia. Mrushaji wa siku hiyo, Charlie Root, alikana jambo hilo maisha yake yote. Walibishana wao, wakabishana watoto wao, wakabishana wajukuu. Lakini kumbe miongoni mwa watazamaji walikuwapo watu wawili, Matt Kandle na Harold Warp, kila mmoja na kamera yake ndogo ya sinema, ile ya kupiga mambo ya nyumbani. Hawakuwa waandishi. Inasemekana Warp hakuwahi kwenda kwenye mchezo mwingine wa besiboli tangu azaliwe. Filamu zao zilikaa majumbani miongo mingi kabla taifa halijaziona. Zilipoonekana, wengi walioitazama ile ya Warp walisema Ruth alikuwa akiwanyoshea kidole wachezaji wa Chicago waliokuwa wakimzomea kutoka bendi ya pembeni. Ubishi haukwisha, maana ubishi wa michezo hauishi, lakini sasa wanabishana wakiwa na kitu cha kutazama. Na kitu hicho hakikuletwa na gazeti. Kililetwa na watu wawili waliokata tiketi.

Nimetaja mambo ya mbali. Turudi nyumbani, na naomba mnivumilie kidogo hapa.

Wale wa mwaka wetu mnamkumbuka mwenzetu mmoja aliyecheza pembeni kushoto. Jina lake silitaji kwa sababu familia yake ipo na sikuwaomba ruhusa ya kulitaja jukwaani. Huyu alitoka hapa akachezea klabu za daraja la kwanza kwa misimu kadhaa, akilipwa mshahara wa mpira, na kwa miaka ile hiyo haikuwa fedha ya kujengea. Alifariki dunia mwaka 2016. Tuliokwenda kumzika kihambani kwao tuliona picha iliyotangulizwa mbele ya jeneza. Ilikuwa picha ndogo ya kitambulisho, imekuzwa hata uso ukawa kama ukungu wa Mawenzi. Mtu aliyekimbia mbele ya maelfu ya watu kila wiki, hakuna hata mmoja aliyekuwa na picha yake akikimbia.

Miezi michache baadaye nilipokuwa likizo nilikaa na picha zangu za zamani nikizipanga, nikakuta moja niliyoipiga Ushirika miaka mitano kabla ya hapo. Kwa kweli nilikuwa napiga watazamaji wa upande wa pili, wale waliopanda juu ya ukuta. Lakini pembeni, mbele ya hao watazamaji, yupo mchezaji amesimama anangoja mpira wa kurusha. Mikono kiunoni, uzito wote mguu mmoja, uso umegeukia kwingine, hauonekani. Namba ya mgongoni ndiyo iliyonifanya nitie shaka kwamba ni yeye. Nikaisafishisha mjini, saizi ya daftari, nikampelekea mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Nikampa bila kusema kitu. Aliishika muda mrefu, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Halafu akasema, "Ndiye. Hivi ndivyo alivyokuwa akisimama nikimtuma majani ya ng'ombe naye hataki." Akacheka, kisha akanyamaza, nami nikanyamaza. Picha hiyo ipo ukutani hadi leo, na mtu akiingia huulizwa kwanza, "Unamwona huyu?" kabla hajaulizwa kama atakunywa chai.

Ndugu Mwenyekiti, mwandishi wa gazeti asingeipiga picha ile. Mwandishi ametumwa bao. Ana ukurasa mmoja, na mhariri anamngoja Dar es Salaam. Mtu aliyesimama kungoja mpira wa kurusha si habari kwake, na ni haki yake. Vitu kama hivyo haviwezi kuokotwa na mwingine isipokuwa mtazamaji, ambaye hana wa kumwuliza kwa nini alielekeza kamera huko.

Hali kadhalika kwa viwanja vyenyewe. Leo kijana wa Moshi akisikia "Memorial" anafikiri mitumba, mashati na viatu vya jozi. Baba zetu wakisikia neno hilo wanaona uwanja wa mpira. Kama kuna picha za watu wakiangalia mpira pale, zimo masandukuni katika nyumba za Kirua, Kilema, Old Moshi na Marangu, na nina hakika zimo, kwa sababu nyumba hizo zilikuwa na kamera za filamu zamani sana, tangu enzi ambazo kahawa ilikuwa ikilipa.

Sasa nije kwenye ruhusa, maana hili ndilo mnaloniuliza zaidi. Je, mtazamaji anaruhusiwa kuingia na kamera?

Jibu ni kwamba inategemea kamera na inategemea mlango. Kamera ndogo au simu haikatazwi karibu popote. Shida inaanza kwenye lenzi ndefu, miguu mitatu ya kusimamishia, na kurekodi picha zinazotembea. Katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, mtazamaji alizuiwa kuingia na vifaa vya picha vyenye urefu wa zaidi ya sentimita 30. Huko Marekani, viwanja vingi vya mchezo wao wa futiboli humpimia mtu lenzi kwa inchi pale mlangoni. Sababu ni mbili. Kwanza, lenzi ndefu na miguu mitatu huwaziba na kuwaumiza wengine, hasa watu wakikurupuka. Pili ni fedha. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, kwa shilingi bilioni 225.6. Mtu aliyenunua kitu kwa bei hiyo ana haki ya kukasirika akiona kinagawiwa bure na mtu wa jukwaani. Kwa hiyo mimi mechi sirekodi. Napiga picha za mnato, kwa ajili ya albamu yangu na ya jirani zangu, siziuzi, wala sizipeleki kwa mwenye duka atangazie soda.

Hata hivyo sheria isiyoeleweka na anayeisimamia huwa kichekesho. Katika uwanja mmoja wa mkoa mwingine, ambao sitautaja, kijana wa mlangoni aliiona kamera yangu akaniuliza, "Wewe ni mwandishi?" Nikasema hapana. "Basi huingii nayo." Nikamwuliza kama ningekuwa mwandishi. "Ungeonyesha kitambulisho." Nikamwuliza kanuni imeandikwa wapi. Akaniambia nisimcheleweshee foleni. Nikaiacha kamera kwa mama mmoja muuza chapati, ambaye aliifunika kwa kanga na kuilinda vizuri kuliko benki, nikaingia ndani. Huko ndani watu kama elfu tano walikuwa wameinua simu, kila mmoja anarekodi mechi nzima, sauti na picha, na kuirusha papo hapo duniani. Kile ambacho mkataba unakikataza kilikuwa kinafanywa na kila mtu, na kile ambacho hakimdhuru yeyote kilikuwa kimelala chini ya kanga, jirani na unga wa ngano.

Ushauri wangu ni kwamba uulize mapema, siyo mlangoni. Soma nyuma ya tiketi. Nenda ofisi ya uwanja au ya klabu siku moja kabla, kwa adabu, na ukipewa ruhusa omba jina la aliyekupa. Ofisi yoyote huogopa jina lililoandikwa. Nasema kama mtu wa ofisini. Hapa kwetu sijapata matatizo. Timu ya Polisi Tanzania ilipokuwa Ligi Kuu, kati ya mwaka 2019 na 2023, ilitumia uwanja wa Ushirika, na watu walinitania kwamba timu mwenyeji ni polisi na mlangoni ni polisi, je, naogopa nini zaidi? Nilijieleza, wakanipekua mfuko, nikapita. Lakini askari aliye kazini simpigi picha, na ninyi msimpige.

Kuna na watu wengine wa kuheshimiwa. Mtoto wa mtu usimpige bila kumwuliza aliye naye. Mtu aliyelewa, mtu anayelia, mtu aliyekaa na mwenzake ambaye pengine si wa kukaa naye, hao waache na mambo yao. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, kuichukua sura ya mtu na kuisambaza ovyo si jambo la kuchezea. Na kamera haikupi haki ya kusimama mbele ya aliyekaa. Nimeona ugomvi mwingi zaidi kwa ajili ya mgongo wa mpiga picha kuliko kwa ajili ya penalti.

Sasa namna ya kupiga. Nitasema kwa kifupi, maana harufu ya mtori imeshafika hapa.

Fika mapema. Mechi zetu nyingi huanza saa 10 alasiri, na mwanga wa saa hiyo ni mzuri, umelala kidogo, unaingia chini ya kofia na kwenye nyuso. Ikikaribia saa 12 unakwisha haraka, hasa mawingu ya mlima yakishuka. Kaa jua likiwa nyuma yako au ubavuni. Mchezaji anayekimbia humsimamishi chini ya sehemu moja ya 500 ya sekunde. Kamera yako ikiwa na namba hizo, iweke hapo na uongeze wepesi wa kupokea mwanga hata kama picha itatoka na chembechembe. Chembechembe zinavumilika. Picha iliyotikisika haina msaada. Zima flashi. Taa ndogo ile haifiki zaidi ya mita chache, haiwezi kumfikia golikipa, inachomulika ni kisogo cha mtu aliye mbele yako. Kama kuna uzio wa waya, sogeza lenzi iguse waya kabisa, utaona waya umepotea kwenye picha. Mwenye simu asivute karibu kwa vidole, maana simu nyingi hukata picha tu na kuitanua. Ni bora uvute kwa miguu, usogee.

Usiufuate mpira. Hili ni gumu, maana macho yetu yamezoea kuufuata. Chagua mahali, karibu na kibendera cha kona au nyuma ya goli, kisha ungoje mchezo uje kwako. Bao likiingia, geuka. Geuka uwapige watu. Baada ya miaka 20 hakuna atakayekuuliza mpira uliingia kona gani. Watakuuliza huyu aliyemkumbatia mzee ni nani, na lile jengo la nyuma liko wapi siku hizi. Na mara moja moja usipige kabisa, ushangilie. Sisi tuliokulia enzi za filamu ya picha 36, iliyonunuliwa kwa kuchangishana bweni zima, tulijifunza kufikiri kabla ya kubonyeza. Vijana wa leo wanapiga 900 kwa mechi moja na hawazitazami tena.

Wenye kupenda riadha wasijione wameachwa. Mbio za Kilimanjaro Marathon hupigwa kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na huko barabarani hakuna wa kukupimia lenzi. Ni shule nzuri ya kuanzia. Aidha, Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027 limepangwa kufanyika Kenya, Uganda na Tanzania, na Arusha ni mwendo wa kilomita 80 tu kutoka Moshi. Atakayekwenda asome masharti ya tiketi yake kabla hajafunga mfuko.

Nije kwenye ombi. Nimekubaliana na Ndugu Mkuu wa Shule kwamba kabati moja la maktaba, lile la karibu na dirisha, litatengwa kwa picha za michezo: za timu ya shule, za Memorial, za Ushirika, na za popote ambapo mtu wa hapa alicheza au alikaa kutazama. Msichambue ipi nzuri na ipi mbaya. Leteni hata zile zilizokatika vichwa. Picha za karatasi msizibandike kwa gundi wala kuzifunika kwa plastiki ya moto, zinaharibika. Negativu msizitupe. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, siyo kwa kalamu ya wino inayopenya mbele. Na kama karatasi ni ya plastiki na penseli haishiki, andikeni juu ya bahasha. Andikeni mechi gani, mwaka gani, nani ni nani kutoka kushoto. Kama jina hulijui, mpelekee mzee aliye jirani nawe wiki hii, maana wengi tutarudi mijini Januari na yeye atabaki na majina yake. Walio na picha za simu waziweke mahali pawili, kisha wampe Mwalimu wa michezo nakala. Pamoja na hizo atapokea na majina ya wanaojua kusafisha picha za zamani.

Mchana huu, kama mlivyosikia kwenye ratiba, wazee wa kabla ya mwaka 1990 watacheza na sisi vijana wa miaka arobaini na kitu. Siyo mchezo wa kulipwa, ingawa Mweka Hazina ameahidi mbege. Mimi nimepangwa kucheza beki, kwa hiyo kamera yangu itakuwa haina mtu. Nahitaji mmoja wa kukaa nyuma ya goli la upande wa migomba kuanzia saa 10, na mwingine wa kukaa na wakina mama kule kivulini. Wenye kujitolea waje hapa mbele sasa hivi niwaonyeshe inavyoshikwa.